Barua Niliyomwandikia Mwalimu Ayoub

Jumatatu, 2 Septemba

Nimehamia dakhalia leo saa nne asubuhi, na begi moja na redio ndogo. Skuli ya Binti Mcha ipo Kiembe Samaki, mwisho wa njia ya udongo, chini ya njia ya ndege zinazotua. Wasichana arubaini na watatu wanalala hapa. Ishirini na sita kati yao ni wa Kidato cha Nne na Novemba watafanya mtihani wa taifa. Mlezi wao amesafiri kwenda Maskati kumuuguza dada yake. Mwalimu mkuu, Msabah, ambaye ni mtoto wa kaka yangu, alinifuata nyumbani Malindi akasema hana mtu mwengine. Nimekuwa mwandishi wa habari wa redio kwa miaka thelathini na moja. Kulea watoto wa watu sijawahi. Nimekubali muhula mmoja.

Kazi nilizopewa: kuamsha, kuhesabu, kuandika wagonjwa, kufunga milango. Msabah akaongeza, "Na kuwatia hamasa, shangazi."

"Hamasa inatiwaje?"

"Nitakuletea karatasi zake."

Alhamisi, 5 Septemba

Uji na muhogo wa kuchemsha. Wagonjwa wawili, wa kweli mmoja. Jua kali.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimekaa nje ya dirisha la Kidato cha Nne, kipindi cha tatu, hesabu. Mwalimu anaitwa Ayoub, kijana wa miaka ishirini na tisa, anakaa Mlandege, na skuli hii ameingia Januari. Ndege ilipopita juu ya bati alinyamaza katikati ya sentensi, akasubiri, akaendelea na neno lile lile. Katika dakika arubaini zimepita ndege tatu.

Ana sharti moja: raba haziingii darasani. Kila msichana ana daftari la pili, la makosa. Ukikosea hufuti. Unalinakili kosa kule na unaandika ulikuwa unafikiri nini. Kisha anaitwa mtu mbele asome kosa lake, na wenzake watafute njia ilipopinda. Nilitarajia kicheko cha kuumizana. Kicheko kilikuwepo, lakini cha watu waliokosea wote.

"Radhiya, soma."

"Nlidhani hasi mara hasi inabaki hasi, Mwalimu, maana ubaya ukiuongezea ubaya unazidi."

"Kwa majirani zenu, sawa. Kwa hesabu?"

Darasa likaangua kicheko, na Radhiya mwenyewe akacheka kuliko wote. Somo hili nilifeli mwaka 1980. Leo nimeelewa hasi mara hasi.

Jumatano, 11 Septemba

Soketi ya chumba cha pasi imeungua. Nilitaka kutafuta fundi, wasichana wakaniambia nimwite Ummkulthum. Ni mtoto wa Makunduchi, mrefu, mwenye maneno machache. Alizima swichi kubwa, akafungua soketi kwa bisibisi yake mwenyewe, akakata waya ulioungua, akaunga upya. Dakika kumi na moja.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Bi. Mafundi wakija kijijini nlikuwa nnawaangalia mikono."

Anataka kwenda chuo cha ufundi, fani ya umeme. Fomu ya chuo inadai ufaulu wa fizikia na hesabu. Fizikia haimsumbui. Hesabu, katika mtihani wa majaribio wa Machi, alipata tisa kwa mia, wa mwisho darasani. Juni alipata ishirini na moja. Kufaulu kunaanzia thelathini. Mama yake analima mwani na ameshamwambia waziwazi kwamba chuo kikimkataa, kamba za mwani zinamngoja.

Jumatatu, 16 Septemba

Sikukuu ya Maulidi. Hakuna masomo. Pilau, na nyama imeonekana bila kutafutwa.

Jumatatu, 23 Septemba

Majaribio ya tatu yamesahihishwa. Machi waliofaulu hesabu walikuwa watatu. Leo ni kumi na saba. Ummkulthum ana ishirini na nane. Alisimama mbele ya karatasi ya matokeo, akafuata jina lake kwa kidole mpaka kwenye alama, akasema, "Bado mbili," akaenda kufua.

Msabah naye amerudi kutoka semina ya siku mbili ya uongozi wa skuli. Amerudi na neno "motisha", amelibandika kwenye bango ukutani, na anagawa bila kubagua. Asubuhi, mstarini, kila mwalimu aliyewahi anapigiwa makofi ya kilo: matatu ya polepole, matatu ya haraka, moja la kumalizia. Walimu wanayapokea wakiwa wamesimama kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Tangazo kubwa lilikuja mwisho. Kutakuwa na Mwalimu Bora. Atachaguliwa kwa kura na Kidato cha Nne, na atapewa ngao ya mbao na barua ya pongezi.

Bi Mwatum, mpishi wetu, alisikiliza huku ameshika mwiko. "Na mpishi bora je?"

"Awamu ya pili, Bi Mwatum."

"Basi awamu ya kwanza niletee gesi. Kuni mbichi hizi, nnawapikia watoto moshi."

Jumanne, 1 Oktoba

Kura ishirini na sita, zote za Ayoub. Nilimuuliza Radhiya kama walipatana.

"Tumepatana, Bi. Tumesikia anatafuta kazi hotelini. Mtu ukishampa ngao mbele ya watu, ataona haya kuondoka."

Walifikiri hayo wenyewe, bila kusaidiwa na semina yoyote. Nimeona ni mpango mzuri. Nauandika hapa kwamba niliuona mzuri.

Mchana Msabah alinijia na karatasi yenye nembo ya skuli. "Wewe ndiye mwandishi, shangazi. Sisi tutaandika 'mchapakazi' halafu tutakwama."

Nikamwambia "mchapakazi" si habari. Nikaomba daftari la mahudhurio na karatasi za majaribio, nikakaa nazo saa mbili. Barua niliyoandika ni hii, nimebakisha nakala:

"Tangu Januari hadi leo Mwalimu Ayoub amepangiwa vipindi 156 vya Kidato cha Nne. Amefundisha 156. Mwezi wa Machi waliofaulu hesabu walikuwa 3 kati ya 26. Septemba ni 17. Mwanafunzi aliyekuwa wa mwisho, kwa alama 9, sasa ana 28. Hufika kabla ya kengele. Hapandishi sauti. Mwanafunzi akikosea, humuuliza alikuwa anafikiri nini, na husubiri jibu."

Sikuona cha kuongeza. Msabah alitia saini na muhuri, macho yamemlowa. Ana moyo mwepesi, huyu mtoto.

Ijumaa, 4 Oktoba

Ngao imetolewa. Makofi ya kilo, mara tatu. Baada ya hapo nilimkuta Ayoub kwenye bomba anaosha mikono ya chaki, ngao ameiegemeza ukutani.

"Hongera, Mwalimu."

"Ahsante, Bi Zuleikha. Sijachoka kufundisha, ujue. Nimechoka kusifiwa." Akafuta mikono kwenye suruali. "Lakini barua yako nimeipenda. Kila kilichomo ni kweli."

Jumanne, 8 Oktoba

Vuli imeingia. Mvua ilianza saa tisa alasiri na bati la dakhalia linavuja pahala sita. Tumetega ndoo tano na sufuria la Bi Mwatum. Darasani sauti haisikiki, basi Ayoub alifundisha kwa kuandika tu, na wasichana wakamjibu kwa kuandika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Mashuka hayakauki.

Jumanne, 15 Oktoba

Kipindi cha tatu, Kidato cha Nne, mwalimu hayupo. Walimsubiri robo saa, kama yeye anavyosubiri ndege ipite. Kisha Radhiya akaja kuniuliza. Sikuwa na habari.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ayoub amenikuta varandani nikikunja mashuka yenye unyevunyevu.

"Shikamoo, Bi Zuleikha."

"Marahaba. Jumanne ulikuwa wapi?"

"Kendwa."

Hakuzunguka. Hoteli moja kule inaingia msimu na inataka mtu wa mapokezi. Walioitwa kwenye usaili walikuwa tisa. Wanane walikuwa na vyeti vya kazi za hoteli.

"Na wewe ulikuwa na nini?"

"Nlikuwa na barua yako."

Nikaweka shuka chini.

"Meneja kaisoma mara mbili," akasema. "Kaniambia barua za kusifu watu anazo kabati zima, hajapata kuona yenye ushahidi. Kaniuliza, ni kweli hujakosa kipindi hata kimoja? Nikamwambia, mpaka leo. Kacheka. Kanipa kazi pale pale."

"Unaanza lini?"

"Jumatatu."

"Mtihani wa hesabu ni tarehe kumi na mbili Novemba. Zimebaki siku ishirini na sita."

"Nazijua, Bi. Nimewaomba wanisubiri. Wamesema kuna wa pili kwenye orodha."

Nikamuuliza kama alifikiria kumwachia huyo wa pili. Akanijibu bila hasira. Mkewe ana mimba ya miezi saba. Wanakaa chumba kimoja kwa mama yake, Mlandege. Mkataba wake hapa unaisha Disemba na Msabah hajaweza kumwambia kama upo mwengine, kwa sababu Msabah mwenyewe hajaambiwa na kamati. "Nisipokwenda Jumatatu," akasema, "Disemba nitakuwa na ngao."

Nimewahi kuwasimamisha mawaziri wakikimbilia gari zao, kwa swali moja. Huyu sikupata swali la kumsimamisha. Kila nililouliza lilikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa kweli.

Ijumaa, 18 Oktoba

Msabah ameipokea habari akiwa amekaa. Wazo la kwanza: ngao ya pili, kubwa zaidi. Alilisema, akalisikia mwenyewe, akavua miwani. "Usiliandike hilo, shangazi." Nimeliandika, kwa kuwa lililofuata ndilo linalomhusu zaidi. Alikaa na simu tangu saa tatu hadi adhana ya Ijumaa, akapigia skuli kumi na nne kuomba mwalimu wa hesabu wa mwezi mmoja. Wote wana kidato cha nne. Wote wanamhitaji waliye naye. Nilikuwa nikimwona mtu wa maneno ya ukutani. Leo nimemwona akimsihi mwalimu mkuu mwenzake, na mwenzake akikata simu.

Nami nimewapigia wakuu wa skuli watatu ninaowajua tangu kazini. Wa kwanza alisema atanirudia. Wa pili alisema nimwandikie. Wa tatu alisema kweli: "Bi Zuleikha, wakati huu hata mimi ningemficha wangu."

Alasiri Ummkulthum alikuja mlangoni mwangu. Nikamwita ndani, akasema naam, akabaki kizingitini.

"Wanasema barua ndiyo iliyompeleka, Bi."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyeiandika?"

"Mimi."

"Na yule wa mwisho, aliyekuwa na tisa, ni mie?"

"Ni wewe. Jina sikulitia."

Akafikiri. "Kwa hiyo na mie nimemsaidia kuondoka."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilisema hapana, na yeye akaniangalia kama anavyoangalia waya ulioungwa vibaya, kisha akaenda zake.

Jumamosi, 19 Oktoba

Baada ya sala ya alasiri nimewakuta Kidato cha Nne wamekaa duara ukumbini, misahafu mikononi, wanasoma Yasini. Wamegawana ili zitimie arubaini na moja. Nikamwuliza Radhiya nia ni nini. Akaangalia chini.

"Ile kazi ya hoteli ivunjike, Bi."

Bi Mwatum alikuwa anapita na beseni la mchele. Akasimama. "Mnasema nini nyinyi?"

"Si lazima ivunjike kabisa," mmoja akajitetea. "Ivunjike mpaka tarehe kumi na tatu tu."

"Hebu sikieni. Mnamuombea mtu akose riziki, na mkewe ana mimba? Mkishamaliza mtamuangalia vipi usoni? Ombeni mfaulu. Ombeni bati lisivuje. Riziki ya mtu iacheni na mwenyewe."

"Tukiomba tufaulu," akasema Ummkulthum taratibu, "tutafaulu na mwalimu gani, Bi Mwatum?"

Bi Mwatum alikaa chini palepale, beseni mapajani. Baadaye wakabadilisha nia na kuendelea kusoma. Walifika ishirini na tisa, ikaingia magharibi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Ayoub ameondoka jana. Ameacha karatasi thelathini na mbili za mazoezi alizoandika kwa mkono, pande zote mbili. Ngao ameiacha kwenye meza ya walimu. Ameahidi kuja kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko.

Hesabu: hakuna mwalimu.

Jumanne, 22 Oktoba

Hesabu: hakuna mwalimu. Mvua.

Jumatano, 23 Oktoba

Hesabu: hakuna mwalimu. Ndoo zimekuwa saba.

Ijumaa, 25 Oktoba

Amekuja. Saa nane mchana, ametoka Kendwa tangu asubuhi. Walipomwona njiani wasichana walimkimbilia, kisha wakakumbuka wana hasira, wakasimama. Alifundisha saa tatu bila kukaa. Ummkulthum alifanya zoezi la alama thelathini na tano akapata kumi na moja. Nilipiga hesabu hiyo kwa simu: ni thelathini na moja kwa mia. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Ikatoka ile ile.

Jumatatu, 28 Oktoba

Msabah amempa hesabu Mwalimu Bashira, wa jiografia. Hakuna mwengine. Bashira amewaambia wanafunzi siku ya kwanza: "Sikilizeni. Mie nnawatangulia ukurasa mmoja. Mkiniuliza ya kurasa mbili mbele, tutakaa sote." Nilimdhania mtu wa kujihurumia. Baada ya kipindi nilimkuta stoo ya vitabu, amejifungia, anafanya yale maswali aliyoshindwa kuwajibu. Hakuyaweza. Akatoka na kuwaambia hakuyaweza.

Jioni wasichana wa kidato cha pili wamewaletea wakubwa zao raba za kuazima. Wamezichukua.

Ijumaa, 1 Novemba

Ayoub amekuja saa tisa, na shati la hoteli lenye jina lake kifuani. Radhiya akamsoma kwa sauti: "Karibu, Mister Ayoub. Kuna chumba cha kuangalia bahari?" Alicheka. Aliandika swali ubaoni, akakaa kusubiri wafanye, na akalala. Mdomo wazi, chaki mkononi. Hakuna aliyemwamsha. Walifanya swali lile, wakakaa nalo, ishirini na sita, wakimwangalia. Nilipotaka kuingia Ummkulthum alinizuia kwa mkono: mwache.

Alipoamka ilibaki nusu saa kabla ya gari ya mwisho. Aliomba radhi mara nne. Nilihesabu.

Jumatatu, 4 Novemba

Zoezi la Bashira. Ummkulthum: ishirini na sita.

Jumatano, 6 Novemba

Ishirini na nne. Mvua mchana kutwa. Msabah amelibandua ukutani bango la motisha, kwa kuwa limerowa, na hajabandika jengine.

Ijumaa, 8 Novemba

Ijumaa ya mwisho kabla ya mtihani. Saa nane madawati yamefutwa, ubao umefutwa, maswali waliyoshindwa wiki nzima wameyaandika kwenye karatasi moja, ishirini na mbili kwa idadi. Wamepanga lipi liulizwe kwanza, kwa kupiga kura.

Saa tisa hakuja. Saa tisa na nusu nilimpigia simu yake, imezimwa. Kazini kwake simu haziruhusiwi. Saa kumi nilipiga simu ya hoteli yenyewe. Ilipokewa baada ya mlio mmoja, kwa Kiingereza laini, sauti inayotabasamu. Nilihitaji muda kuitambua.

"Mwalimu, ni Zuleikha. Watoto wanakungoja."

Nyuma yake kulikuwa na watu wengi na magurudumu ya masanduku yanayoburutwa sakafuni.

"Samahani sana, bibi," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya kazi. "Kwa leo haitawezekana. Tumejaa."

"Yupo mtu mbele yako?"

"Ndiyo, bibi. Wapo wengi."

"Kesho?"

"Mpaka mwisho wa mwezi, bibi. Mapumziko yote yamefutwa." Kisha, chini zaidi, haraka: "Waambie la tatu na la saba waanze kwa kuchora." Na juu tena: "Ahsante kwa kupiga simu."

Nilirudi darasani nikawaambia la tatu na la saba waanze kwa kuchora. Wakaniuliza wachore nini. Katika maswali yao ishirini na mbili, lipi la tatu? Karatasi hiyo yeye hajaiona. Nilisimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza muhula huu, na kila mmoja alikuwa amefungua daftari.

Nikawaambia waende wakasali.

Jumapili, 10 Novemba

Dua ya mtihani. Wazazi wamekuja kutoka Tumbatu, Kizimkazi, Makunduchi, na mabakuli ya tambi na halua. Mama yake Ummkulthum ana mikono iliyochanikachanika na chumvi. Aliniamkia, na akaniuliza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia anajitahidi. Neno hili nililikata kwenye taarifa za wengine kwa miaka thelathini na moja.

"Akipata huko kwenye umeme," akasema, "mie basi sina tena la kuomba. Asipopata..." Hakumaliza. Akamgeukia binti yake na kumfunga vizuri pini ya mtandio.

Mwisho wa dua, Msabah aliwataka watu wawapigie watahiniwa makofi. Akasita, akasema, "Basi, itikieni amin tu." Watu wakaitikia.

Jumatatu, 11 Novemba

Mtihani umeanza. Somo la leo wametoka wanacheka.

Jumanne, 12 Novemba

Hesabu. Saa mbili hadi saa tano asubuhi. Wasimamizi ni wa kutoka skuli nyengine, na sisi haturuhusiwi kusogea. Nilikaa varanda ya jikoni na Bi Mwatum, ambaye alikuwa anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Bashira alisimama peke yake karibu na tangi la maji, mgongo kwetu. Msabah alitembea kutoka ofisini hadi getini, na kurudi. Mvua ndogo. Ndege nne zilipita.

Saa tano kengele. Radhiya alitoka wa tano, mikono kichwani. "Jamani, mie nimewaandikia salamu tu!" Wenzake wakacheka, wawili wakalia, kisha waliocheka nao wakalia.

Ummkulthum alitoka wa mwisho. Alikuja moja kwa moja nilipo, na karatasi ya maswali mkononi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Vipi?"

"Yapo kumi na manne. Matano nimeyajua. Mawili nimeyaanza. Saba sikuyajua." Aliyasema kama anayesoma mita. "Yale matano yana alama sita sita. Yote yakiwa sawa, ni thelathini."

"Yapo sawa?"

"Manne nna yakini nayo."

"Na la tano?"

Aliikunjua karatasi, akaipangusa tone la mvua kwa kiganja, akanionesha kwa kidole swali la nane. Pembeni kwa penseli alikuwa ameandika jibu lake, tarakimu tatu.

"Ndiyo hivi, Bi? Au sivyo?"

Nilivaa miwani. Nikalisoma swali mara ya kwanza, nikalisoma mara ya pili; ni somo lile lile nililofeli mwaka 1980. Bi Mwatum aliacha mchele. Niliendelea kuliangalia, muda mrefu kuliko linavyohitaji kusomwa, kwa sababu yeye alikuwa ananiangalia mimi.